Kodi ya shamba, kuchangiwa gharama, fedha za maji au kaboni: mkulima wa mteremkoni akubali malipo gani?

Maji mengi tunayokinga Dar es Salaam ni ya Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na ule wa Ruvu Juu lita milioni 196. Mto unaolisha mitambo yote miwili hukusanya vijito vyake katika milima ya Uluguru, katikati ya mashamba ya mahindi, migomba, mananasi na viungo. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto ukashuka, jiji likaingia kwenye mgawo na madumu yakapanga foleni. Ukame ule haukuletwa na mkulima. Ila mteremko uliovuliwa miti haushiki maji ya mvua: wakati wa masika unateremsha tope, na kiangazi kikifika kijito kinabaki mawe.

Kwa hiyo swali la nani amlipe mkulima ili atunze ardhi, amlipe kiasi gani na kwa masharti gani, linamhusu mtu wa Tabata sawasawa na mtu wa Matombo. Wengi wetu tuko pande zote mbili. Tunanunua maji mjini, na huko juu tuna mashamba ya ukoo. Siku mgeni anapofika kijijini na karatasi ya mkataba, simu inaita mjini: "Mpwa, wewe uliyesoma, hii tuitie saini au tuiache?"

Nayaandika haya kwa ajili ya anayepokea simu hiyo. Nalinganisha njia nne za kumlipa mkulima kwa ajili ya hifadhi. Mbili ni za serikali ya Marekani, ambako kazi hii imefanywa kwa miongo mingi na kwa fedha nyingi. Ya tatu ilijaribiwa Uluguru kwenyewe kwa sababu ya maji ya Dar es Salaam. Ya nne ni kaboni, yaani kulipwa kwa miti na misitu inayofyonza hewa ya ukaa. Ile mipango ya Marekani huwezi kuiomba ukiwa Kinole au Mgeta, lakini karatasi inayofika kijijini huwa na sura ya mojawapo ya hizi nne, na ukiijua sura utajua pa kuikagua.

Msimamo wangu nautoa mapema. Watu huanza kwa kuuliza "shilingi ngapi kwa ekari?" Mimi ningeanza na mengine mawili: fedha inaingia lini, na nani anabeba ile misimu miwili mitatu ya mwanzo ambamo shamba linatoa kidogo kuliko lilivyozoea. Kaya yenye ekari mbili inaweza kuumizwa na mkataba mnono unaochelewa, na ikaokolewa na mkataba mdogo unaowahi.

Kulipwa ili shamba lipumzike

Marekani iliamka kwa vumbi. Miaka ya 1930 nyanda za kati zilizolimwa bila kizuizi zilipata ukame, udongo ukapeperuka, na tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi likageuza mchana kuwa giza. Mwezi huohuo bunge lao likaunda idara ya kuhifadhi udongo. Nusu karne baadaye, kwa sheria ya mwaka 1985, ukaja mpango unaojulikana kwa herufi CRP, ambao ndio kielelezo kikubwa cha serikali kukodi ardhi ya mkulima ili isilimwe.

Mkulima anaingia mkataba wa miaka 10 hadi 15. Anaacha kulima kipande kilichokubaliwa, anaotesha nyasi au miti, na serikali inamlipa kodi ya kila mwaka kwa ekari. Gharama za kuotesha anarudishiwa hadi nusu. Kiwango cha kodi hufuata rutuba ya udongo na kodi za mashamba katika kaunti husika, kwa hiyo wakulima wa kaunti mbili zilizopakana wanaweza kulipwa tofauti. Kwa wastani wa nchi nzima kodi imekuwa takriban dola 70 hadi 90 kwa ekari katika miaka ya karibuni, ilhali Iowa, penye udongo mweusi wa mahindi, inapita dola 200. Mtu mmoja hapokei zaidi ya dola 50,000 za kodi hiyo kwa mwaka.

Sharti moja lao linaonyesha walijifunza kitu: kwa kawaida ardhi inayopumzishwa haipaswi kuzidi asilimia 25 ya ardhi ya kilimo ya kaunti. Mkulima akipewa kodi akaacha kulima, yeye anaendelea kula. Lakini muuza mbegu hauzi, fundi wa trekta hana kazi, vibarua wanaondoka na ghala la nafaka linafungwa. Fedha za hifadhi zinaweza kuponya udongo huku zikiua mji mdogo ulio katikati yake. Hapa kwetu sijaona karatasi inayomkumbuka kibarua wa palizi, na mteremkoni kibarua wa palizi mara nyingi ni jirani ambaye hana shamba la kumtosha.

Wanakagua pia kama ardhi ilikuwa ikilimwa kweli. Kwa sheria ya mwaka 2018, shamba lilipaswa kuwa limelimwa angalau miaka minne kati ya 2012 na 2017, ili mtu asilipwe kwa pori ambalo halikuwa hatarini. Mwenye ardhi awe ameimiliki walau mwaka mmoja. Kwenye ushindani wa jumla wa waombaji, maombi hupewa alama kwa kuangalia wanyamapori, usafi wa maji, mmomonyoko na gharama, na mkulima anaweza kuomba kodi ndogo kuliko kiwango cha juu ili apande kwenye orodha. Akivunja mkataba, anarudisha alichopokea chote pamoja na riba, na juu yake faini ya robo ya kodi ya mwaka mmoja.

Uzuri wa njia hii ni uhakika. Mzee asiye na nguvu za kulima, au mjane ambaye watoto wake wako mbali, anajua tarehe ya fedha na kiasi chake. Kwa ardhi iliyochoka kabisa, miaka kumi ya nyasi ni tiba halisi.

Udhaifu wake ni siku mkataba unapoisha. Mwaka 2007 ardhi iliyopumzishwa Marekani ilifikia kilele cha ekari milioni 36.8. Kisha bei ya mahindi na soya ikapanda, mikataba ikaisha, na wengi wakarudisha jembe. Kufikia 2016 zilibaki takriban ekari milioni 24. Kodi ilikuwa imenunua muda, na muda ulipokwisha soko likatoa dau kubwa zaidi.

Ukiileta Uluguru, tatizo linatokea mapema kuliko hapo. Mwenye ekari 400 anaweza kupumzisha 60 zilizo mbaya na bado akalima 340. Kaya yenye ekari mbili zilizogawanyika vipande vitatu ikipumzisha kimoja, imepumzisha chakula chake. Kodi ya mwaka itanunua mahindi kwa bei ya dukani mwezi Februari, wakati debe liko juu. Halafu kuna swali la nani apokee. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kwenye ugawaji wake, lakini mwenye kulima kila siku ni mwingine, mara nyingi mwanamke, na wakati mwingine ni mpangaji kabisa. Sheria ya Marekani inataka mpangaji alindwe na malipo yagawanywe kwa haki, mwenye ardhi asimwondoe ili ale kodi peke yake. Karatasi ya kijijini isipoandika hilo, mkataba wa kupumzisha ardhi unageuka amri ya kumtoa aliyekuwa akiilima.

Ningeshauri njia hii kwa kipande kimoja tu: kile cha juu kabisa, kikali, kilichobaki changarawe, ambacho hata kikipandwa hakirudishi mbegu. Kipande hicho kikodishwe, na kwa miaka mingi.

Liko jingine linaloniuma, nalo ni la kingo za mito. Katika mpango wa Marekani ukanda wa kando ya mto ndio unaotafutwa zaidi. Mkulima anaweza kuuingiza wakati wowote bila kusubiri ushindani wa jumla, na huongezewa motisha. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sababu ya sheria naikubali, mto hauponi bila kingo zake. Lakini aliyerithi bustani ya mboga kando ya kijito anapoteza kipande kinachompa fedha ya kiangazi bila kulipwa hata senti, na anayefaidika na maji yale yuko Kinondoni. Kati ya vyote vinavyostahili malipo Uluguru, ningeanza na mita 60 hizo.

Kuchangiwa gharama, ardhi ikiendelea kulimwa

Mpango wa pili wa Marekani, EQIP, ulianzishwa na sheria ya mwaka 1996. Hapa mkulima habadilishwi kuwa mpokea kodi. Anaendelea kulima na kufuga, lakini anafanya kazi iliyokubaliwa: matuta, uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie mtoni, mazao ya kufunika udongo, umwagiliaji usiopoteza maji. Mtaalamu wa serikali anakuja shambani na kumsaidia kuandaa mpango bila malipo. Kazi ikikamilika na kukaguliwa, serikali inalipa hadi asilimia 75 ya gharama.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya wanyonge. Wakulima wapya na wenye kipato kidogo wanaweza kuchangiwa hadi asilimia 90, na wana haki ya kutangulizwa walau nusu ya fedha kabla ya kazi ili wanunue vifaa na kulipa mafundi. Walioandika kanuni hiyo walielewa kwamba "fanya kwanza, tutakurudishia" ni ahadi ya watu wenye akiba. Asiye na akiba hawezi hata kuanza.

Upungufu upo. Waombaji ni wengi kuliko fedha, na wengi hurudishwa mikono mitupu mwaka baada ya mwaka. Upungufu wa pili ni kwamba mpango unalipa kazi mpya, kwa hiyo aliyetunza shamba lake tangu zamani bila kulipwa anamtazama jirani aliyeliharibu akichangiwa kulitengeneza. Marekani walijibu hilo kwa mpango mwingine, CSP, wenye mikataba ya miaka mitano, unaomlipa mkulima kwa utunzaji ambao tayari anao pamoja na anaouongeza. Mtu akitaka kulipa wakulima wa Mgeta, ambao matuta yao ya ngazi yamekuwepo tangu enzi za mababu na yanalisha masoko ya Dar kabichi, njegere na viazi, na akaja na karatasi ya kulipa matuta mapya tu, atawaacha nje wale hasa waliothibitisha kwamba jambo linawezekana.

Kwa mkulima mdogo wa mteremkoni, muundo huu ndio ninaoupa nafasi ya kwanza, na sababu iko ndani ya udongo wenyewe. Unapochimba matuta ya ngazi, udongo wa chini usio na rutuba unakuja juu. Msimu wa kwanza mahindi yanatoka ya njano na mafupi. Bila samadi au mbolea ya kutosha, mavuno hushuka kwanza ndipo yapande. Kazi yenyewe ni nzito na huangukia miezi ya kiangazi, wakati vijana wengi wamekwenda kutafuta vibarua mjini. Wapo wanaoanza na fanya juu, yaani kuchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kurusha udongo upande wa juu, kisha kupanda matete kwenye tuta. Miaka inavyopita udongo unajikusanya nyuma ya tuta na ngazi inajitengeneza yenyewe. Hiyo ni nafuu zaidi, ila inataka subira na majani ya kutosha. Kwa vyovyote, gharama kubwa inatangulia na faida inafuata. Malipo yanayofaa ni yale yanayofuata mwendo huohuo: mengi mwanzoni, kidogo baadaye.

Matuta yanapokuja bila malipo na bila hiari, Uluguru inajua kilichotokea. Serikali ya kikoloni iliendesha mradi wa matumizi ya ardhi huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu wakalazimishwa kuchimba ngazi kwenye mashamba yao wenyewe bila ujira. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, ghasia zikatokea, na mradi ukaachwa. Ukimwona mzee anaitazama karatasi ya matuta kwa mashaka, usidhani ni ujinga. Ana sababu ya kuuliza kama safari hii ni kazi yake au ni kazi ya mwingine.

Kulipwa na wanaokunywa maji

Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza kazi ya kuunganisha wakulima wa Uluguru na wanunuzi wa maji walio chini. Eneo lilikuwa kata ya Kibungo Juu, kwenye bonde la Mfizigo, mojawapo ya mito inayoingia Ruvu. Wanunuzi walikuwa DAWASCO, shirika lililosambaza maji Dar es Salaam wakati huo kabla ya kuunganishwa na DAWASA mwaka 2018, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima waliokubali walifanya matuta, walipanda miti na kuchanganya miti na mazao, na malipo yalifuata ukubwa wa eneo lililobadilishwa na aina ya kazi iliyofanywa.

Wazo hili ndilo lililo karibu zaidi na haki kuliko yote manne. Anayelipa ana faida inayoonekana: tope likipungua mtoni, mtambo unasafisha maji kwa urahisi zaidi. Anayelipwa anajua kwa nini analipwa. Hakuna anayemhurumia mwenzake.

Mashaka yangu ni juu ya uhai wa mpango wa namna hiyo. Ukiwa na wanunuzi wawili tu, na uratibu ukategemea mashirika ya wafadhili, kila kitu kinaning'inia kwenye muda wa mradi. Mti wa mgrivelia haujui mradi umeisha. Kosta Rika walilitatua kwa sheria yao ya misitu ya mwaka 1996, iliyotenga sehemu ya kodi ya mafuta kwa ajili ya mfuko wa kuwalipa wenye misitu. Kila gari linapotia mafuta, mfuko unaingiza kitu, na hakuna haja ya kumtafuta mfadhili mpya kila baada ya miaka minne. Dar es Salaam ina watu mamilioni wanaolipia maji. Kiasi kidogo kwenye kila uniti, kikitengwa kisheria na kufika Kibungo Juu bila kupotelea njiani, kingekuwa chanzo ambacho hakikatiki. Mimi ningelipa kwa moyo mmoja, na naamini hata wanaolalamikia bili wangelipa wakionyeshwa fedha ilikokwenda.

Hadi hilo litokee, anayeletewa mkataba wa aina hii aulize jambo moja kabla ya yote: mwaka wa sita mnunuzi atakuwa nani? Jibu likiwa "tunatafuta", achukue mkataba huo kwa kazi zinazolipa zenyewe hata malipo yakikoma, kama miti ya matunda, migomba kwenye makinga maji, mdalasini na pilipili manga chini ya kivuli. Asikubali kugeuza shamba la chakula kuwa msitu kwa ahadi ya miaka mitatu.

Kaboni

Kaboni inazungumzwa kuliko zote kwa sasa. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mradi wowote halali unapaswa kujulikana huko. Hilo peke yake ni kichujio kizuri: mwulize mgeni usajili wake uko wapi, kisha ulizia Morogoro.

Zipo kaboni za aina mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya msitu wa kijiji. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinapata mapato kwa kulinda msitu wa milima ya Ntakata, na fedha zinaingia kwenye serikali ya kijiji kwa ajili ya zahanati, madarasa na walinzi wa msitu. Mahali penye msitu mkubwa wa pamoja na mkutano mkuu wa kijiji unaofanya kazi kweli, hii ni fursa nzuri na ningeiunga mkono.

Nyingine ni ya miti ya shambani, na hapo ndipo hesabu inapotakiwa kufanywa kwa kalamu. Chukua mfano wa TIST, mpango ulioanzia Mpwapwa mwaka 1999 na baadaye ukasambaa nchi nyingine. Wakulima hukaa katika vikundi vidogo, hupanda miti kwenye mashamba yao, hupata malipo ya awali ya senti 2 za dola kwa kila mti hai kwa mwaka, na kaboni ikiuzwa hugawiwa asilimia 70 ya faida. Miti 1,000 ni dola 20 kwa mwaka kabla ya gawio. Sisemi ni mbaya; mpango unasema wazi unacholipa, na mti unabaki wa mkulima pamoja na kuni, matunda na kivuli chake. Nasema ni kiasi kidogo mno kuwa sababu ya kupanda. Faida kubwa iko kwenye mti wenyewe. Aliyekwisha amua kupanda miti ya mbao mpakani na mifenesi karibu na nyumba, ajiunge na aongezee dola zake. Aliyeambiwa ang'oe migomba apande miti ya kaboni, akatae.

Angalia pia urefu wa ahadi. Mikataba ya kaboni inakwenda miongo, mara nyingine kupita umri wa anayetia saini, wakati bei ya kaboni inapanda na kushuka kwenye masoko ambayo kijiji hakina usemi. Mkodishaji wa Marekani anajua kodi yake ya mwaka wa kumi ni ileile ya mwaka wa kwanza. Mkulima wa kaboni hajui.

Ruzuku ya mbolea na kazi za TASAF

Hizi si malipo ya hifadhi kwa jina, lakini ndizo fedha za serikali zilizo karibu, na wengi hawaziunganishi na udongo.

Mbolea ya ruzuku ilizinduliwa tarehe 8 Agosti 2022, Nane Nane, Mbeya, na msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ulishushwa hadi takriban shilingi 70,000. Sharti ni kujisajili kupitia kijiji na kununua kwa wakala anayetambuliwa. Kwenye mteremko mtupu, sehemu ya mbolea hiyo inaondoka na mvua kubwa ya kwanza na kuishia Ruvu. Kwenye tuta jipya, pamoja na samadi, ndiyo inayookoa ule msimu wa mahindi ya njano. Kwa hiyo ukimshauri mjomba achimbe matuta, hakikisha jina lake liko kwenye daftari la mbolea kabla ya jembe kugusa ardhi.

TASAF nayo, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizipa kaya maskini ajira za muda kwa ujira wa siku, hadi siku 60 kwa mwaka, na miradi huibuliwa na jamii yenyewe. Barabara ya mtaa ina haki yake. Lakini kijiji cha mlimani kikikubaliana kwamba kazi iwe makinga maji na miti kwenye bonde moja, kaya zile zinapata ujira papo hapo na bonde zima linafanyiwa kazi kwa pamoja. Tuta la shamba moja katikati ya mashamba kumi yasiyo na matuta hubomolewa na maji ya jirani wa juu.

Nani achukue nini

Mama mwenye ekari moja na nusu, anayelima kwa mkono na kula anachovuna, asipumzishe shamba. Achukue mchango wa gharama unaotangulizwa, aanze na fanya juu kwenye kipande kimoja, ajisajili kwa mbolea. Kaboni aione kama nyongeza tu ya miti ya mpakani.

Wazee wasio na nguvu, wenye mashamba yaliyochoka na watoto waliohamia Dar, hao ndio kodi ya kupumzisha ardhi inawafaa, ikiwepo. Watoto wakubaliane kwanza ni nani anapokea, na aliyekuwa akilima hapo kwa ruhusa ya ukoo asiachwe mikono mitupu.

Kijana wa mjini aliyenunua ekari kumi Kisarawe au Mvomero na anaishi kwa mshahara ana uhuru ambao wengine hawana: anaweza kusubiri. Huyu ndiye wa miti ya muda mrefu, na kaboni haimdhuru. Namwomba tu asichukue nafasi ya fedha za kutangulizwa zilizotengwa kwa maskini, maana karatasi zake zitakuwa nadhifu kuliko za jirani yake na ataonekana anastahili.

Aliye na bustani ndani ya mita 60 za mto hana mkataba wowote mezani, kwa ninavyoona. Aanze kuondoka taratibu kwa kupanda migomba na matete upande wa mto badala ya mboga za kupalilia kila wiki, na jina lake lipelekwe na kijiji kwenye ofisi ya bonde la Wami/Ruvu, ili siku watumia maji watakapokubali kulipa, orodha ya waliotoa ardhi yao iwe tayari.

Na kwa karatasi yoyote itakayokuja, isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, sio kwenye baraza la mtu mmoja. Iandike tarehe ya malipo ya kwanza na kiasi chake. Iseme mkulima akiugua au akifariki mkataba unakwenda kwa nani, na akishindwa katikati anarudisha nini. Itaje mwenye ardhi na anayelima kama watu wawili, pale ambapo ni wawili. Mwenye hati ya haki miliki ya kimila aambatanishe nakala, na asiyekuwa nayo aombe kijiji kimwandikie mipaka kabla ya saini, maana mti uliopandwa kwenye mpaka usioandikwa huwa mwanzo wa kesi. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, moja kwa mkulima, na picha ya kila ukurasa itumwe kwenye simu ya yule mpwa aliye mjini.